Mama, Nami Nilimcheka Skola

Mama,

Leo Jumapili sikufungua saluni. Nimetoka misa, nimemwacha Faraja nyumbani anafua sare zake, nami nimekuja kukaa hapa kwenye kiti cha wateja, mlango nimeurudishia. Upepo wa Makambako unaujua. Nimejitanda kitenge chako kile cha kijani, ndipo vidole vikakubali kushika kalamu.

Ningekuandikia mapema. Kila nikianza, naanza na habari njema, halafu naona kama nakudanganya. Basi hizo njema nizitoe kwanza ziishe. Baba ni mzima. Viazi vya Mawengi vilitoka vizuri, na yule ng'ombe mwekundu amezaa jike. Faraja amerefuka, yuko kidato cha pili, na wanaokujua wanasema anatembea kama wewe. Habari njema zimekwisha.

Sasa nikuambie jinsi nilivyomlea.

Pale hospitali, ulipokuwa huwezi tena kukaa, uliniambia, "Editha, huyu usimwache ajilee." Nikasema sawa, Mama. Nilisema haraka, kama mtu anayemwitikia mgonjwa ili anyamaze apumzike. Baada ya mazishi nikamchukua, nikamwandikisha shule ya kutwa hapa Makambako, na mbele ya mashangazi nikajigamba kwamba mdogo wangu hatakosa kitu.

Na kweli hakukosa kitu. Sweta analo, madaftari anayo, anakula kabla hajatoka. Shule zilipofungwa mwezi wa sita, mwalimu wake wa darasa akaanzisha makundi mawili kwenye simu: la darasa, la kuwatumia wanafunzi mazoezi ya likizo, na la wazazi. Nikampa Faraja simu yangu ya zamani, ile ya tachi iliyopasuka kioo, nikamnunulia bando, nikamwambia, "Mazoezi yatakuja humo, wewe soma." Kundi la wazazi lilikuwa kwenye simu yangu mpya. Nililizima sauti siku ileile, maana ujumbe ulikuwa unaingia huku nimeshika nywele za mtu. Sikulifungua tena. Mwalimu alikuwa anaandika humo: wazazi, kaeni nao muwasikilize wanavyosoma. Wazazi, tazameni wanachotumiana, kuna mambo hayapendezi. Nimekuja kuyasoma yote kwa mkupuo, wakati hayasaidii tena.

Wewe ulikuwa unakaa, Mama. Ndilo ninalolifikiria sana. Jikoni kule Mawengi unachambua maharage, mimi nasoma kwa sauti kitabu cha Kiingereza ambacho hukujua hata neno lake moja. Nikinyamaza unasema, "Endelea, nasikia." Ningeweza kuruka ukurasa mzima usijue. Sikuruka, kwa sababu ulikuwa umekaa pale. Mimi hicho Kiingereza cha Faraja nakielewa, na likizo nzima sikukaa naye hata jioni moja.

Huyu Skola hukumjua. Jina lake hasa ni Skolastika. Kwao ni Lupingu, ziwani, lakini baba yake alipanda Njombe kutafuta kazi ya mbao, na yeye akaletwa hapa Makambako kwa shangazi yake ili asome. Alikuwa anakaa dawati moja na Faraja. Alikuwa anakuja nyumbani, anakula nasi ugali, akimaliza anakusanya vyombo kabla hajaambiwa. Ana kigugumizi. Akiwa na mtu aliyemzoea kinapungua. Akisimama mbele ya watu kinamkamata, anafumba macho, anasubiri neno lije.

Zoezi la Kiingereza lilikuwa hili: kila mwanafunzi ajieleze, ataje watu wa nyumbani kwao na kazi zao, ajirekodi, amtumie mwalimu. Skola alijirekodi kwa simu ya shangazi yake. Kabla hajamtumia mwalimu akamtumia Faraja. Alimwambia, "Nisikilizie kwanza wewe, uniambie kama nimekosea."

Kuna neno moja lilimshinda. Alilianza, likakwama, akarudi nyuma, likakwama tena, akavuta pumzi hadi inasikika, mwishowe akalitoa. Faraja akakata kipande hicho. Akakitia mdundo, akakirudia rudia mpaka kikawa kama wimbo. Alikuwa peke yake nyumbani, na simu niliyompa mimi, na bando nililonunua mimi. Akaja nacho hapa saluni.

Nilipofika hapa ndipo nilipozichana karatasi zote nilizoanza kukuandikia.

Nilikuwa namsuka mteja mmoja, na wengine wawili wako kwenye draya. Faraja akaingia, akasema, "Dada, sikiliza hii." Mama, sauti niliijua. Sitaki ufikiri sikuijua. Niliijua tangu pumzi ya kwanza, na nikacheka. Nilicheka mpaka nikaachia rasta niliyokuwa naisuka. Mama mmoja wa kwenye draya akauliza tunacheka nini, nikamwambia Faraja, "Irudie, huyu hakusikia." Akairudia. Alikuwa ananitazama usoni. Na uso wake mwenyewe ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tukuzike, nami nikafurahi kwa kuiona. Nikafikiri, ona, mtoto ameanza kuchangamka.

Alipotoka hapa hakufika nyumbani kabla hajaituma kwenye kundi la darasa.

Sijui nikueleze vipi jinsi kitu kinavyosambaa siku hizi. Ilifika shule nyingine. Vijana wa bodaboda pale stendi walikuwa wanaipiga kwenye simu zao, hata hawajui ni mtoto wa nani. Shule zilipofunguliwa, Skola akiitwa jina lake wenzake wanaupiga ule mdundo kwenye madawati, taratibu, mwalimu asijue nani ameanza. Alivumilia siku za mwanzo. Halafu hakuonekana. Shangazi yake akasema amekimbilia kwa baba yake Njombe, na kwamba haongei kabisa. Anaitikia kwa kichwa.

Tukaitwa shuleni. Mwalimu akasimama aliponiona, akasema, "Karibu ukae, mzazi." Nikageuka nyuma kuangalia anamwita nani.

Hakupiga kelele. Alimuuliza Faraja jambo moja tu: "Wakati unaituma, ulijua kwamba ni vibaya?"

Faraja akasema, "Nilimwonyesha dada kwanza. Dada akacheka."

Hakuwa ananishtaki, Mama. Ameulizwa, anajibu. Mwalimu akanitazama. Nikasema, "Mimi sikumbuki. Huwa nina kazi nyingi, labda nilicheka kitu kingine."

Ndivyo nilivyosema. Mtoto wako alikuwa amekaa pembeni yangu, magoti yetu yanagusana, nikasikia mguu wake unajivuta ukaondoka kwenye wangu.

Akasimamishwa masomo. Mimi nikarudi kazini. Jioni nilipofika nyumbani alikuwa amepika, ameniwekea chakula changu na kufunika. Akasema, "Dada, unakumbuka." Basi. Akaenda kulala bila kula. Ugali ule ulinishinda.

Hata baada ya hapo nilichelewa. Nilijiambia nitakwenda Njombe wikiendi hii, kisha nikasema ijayo, kwamba kuna harusi, nina vichwa vya watu. Aliyenitoa ni Faraja mwenyewe. Jumamosi moja asubuhi alivaa sketi ya kanisani, akakaa mlangoni na viatu miguuni, akasema anakwenda kwa kina Skola hata kwa miguu. Nikawapigia wateja simu kwamba sipo.

Njombe ilikuwa imejaa ukungu, umande unadondoka kwenye mabati. Tuliuliza hadi tukaipata nyumba, nyuma ya mahali wanapopasulia mbao. Baba Skola alitukuta nje. Kofia na koti vyote vina unga wa mbao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Semeni."

Hakusema karibuni. Nami nilikuwa na maneno yangu niliyoyapanga njia nzima. Nikaanza kwamba sisi ni jirani wa shangazi yake Skola, kwamba watoto wamekosea, kwamba siku hizi simu zinawaharibu watoto. Akaniacha nifike hapo, kisha akasema, "Watoto gani? Mimi naona mtu mzima mmoja amesimama hapo."

Mama, nilikuwa nimeshika mfuko wa sukari na mchele tuliokuja nao. Nikauweka chini. Nikamwambia kila kitu. Kwamba mimi ndiye dada mkubwa, mama yetu amefariki, mtoto niliachiwa mimi. Kwamba sauti niliijua na nikacheka. Kwamba nilisema irudiwe. Kwamba shuleni nilimkana mdogo wangu mbele ya mwalimu akabeba adhabu peke yake. Faraja alianza kulia nilipofika hapo. Sikujua kama alikuwa anasubiri hayo muda wote ule.

Yule baba akakaa kwenye rundo la mbao. Akavua kofia. Akasema, "Mnajua hapo mlipokata alikuwa anasema nini? Alikuwa anataja kazi yangu."

Ni kweli, neno lile lilikuwa fundi seremala, kwa Kiingereza. Nililisikia mara ngapi, na sikuwahi kulifikiria kama neno lenye maana kwa mtu.

Skola akatoka ndani. Alikuwa amekonda. Alisimama nyuma ya baba yake akamtazama Faraja, na akaongea. Sitaandika namna maneno yalivyomkatikia. Tumeshayakata vya kutosha. Alisema, "Sitaki mniombe msamaha hapa. Hapa hakuna anayewasikia. Semeni kwenye kundi, kwa sauti zenu."

Faraja alirekodi palepale, amesimama kwenye unga wa mbao. Alisema jina lake, alichokifanya, na kwamba Skola alimtumia ile sauti kwa kumwamini. Alikwama kwa kilio, akaanza upya, akakwama tena. Hakuna aliyemsaidia wala kumharakisha. Akaituma. Kisha nikafungua kundi la wazazi, lile nililolizima sauti, nikasema yangu. Ilikuwa ngumu kuliko hata siku nilipowapigia watu simu kuwaambia umetutoka.

Ningependa kukuambia kwamba Skola alimkumbatia. Hakumkumbatia. Aliingia ndani. Baba yake alitusindikiza hadi barabarani, mfuko wetu akatukabidhi. Akasema, "Chakula tunacho." Hakusema kwa ukali.

Kwenye kundi mzazi mmoja aliandika kwamba hayo ni mambo ya watoto, tuendelee na mengine. Mwingine aliniandikia pembeni kwamba wa kwake naye aliisambaza, na ndiyo kwanza amemuuliza. Yule mama wa kwenye draya amehama, anasuka kwingine. Anasema nimemdhalilisha, ingawa sikumtaja.

Skola hakurudi Makambako. Baba yake amemhamishia shule ya kulekule Njombe. Shangazi yake ananiambia anaongea nyumbani, na darasani kuna mwalimu anayemsubiri amalize. Faraja humsalimia kwa simu ya baba yake Skola kila Jumapili. Mara nyingi hajibiwi. Majuzi alijibiwa "salama", akakaa na simu mkononi muda mrefu.

Na sisi tumebadilika kidogo, sitaki nikuongezee chumvi. Jioni anakuja saluni na madaftari, anakaa kwenye benchi lile karibu na sinki. Akikwama nasimama nitazame. Simu anaitumia hapahapa mbele yangu. Anachokiona ananionyesha, namuuliza aliyemo ni nani, anatoka wapi, anajua kwamba tunamtazama? Mwanzoni alinuna. Sasa mara nyingine ananiuliza yeye mimi, kuhusu ninachokitazama, nami najibu.

Lakini kuna kitu, Mama, ambacho hata padre sikumwambia vizuri. Faraja akiona jambo lolote, la kuchekesha au la kusikitisha, kabla hajafanya lolote hutazama uso wangu. Ni kidogo sana, kama kupepesa jicho. Nadhani alikuwa anafanya hivyo tangu siku uliyofariki, na mimi sikuona. Alikuwa anatafuta mama, akaukuta uso wangu umekenua meno. Hilo ndilo linaloniamsha. Naogopa, kwa sababu sina uso wako.

Baba bado hajui. Faraja amenisihi nisimwambie, anasema atavunjika moyo, anasema Mawengi ni mbali, habari hazitafika. Nimemkatalia. Shule zikifungwa tutakwenda wote wawili. Tutapalilia kwanza kaburi lako, maana najua mvua zimeotesha majani, kisha tutakaa na Baba jikoni. Nimemwambia Faraja kwamba nitaanza mimi. Nitasema yangu yote mpaka mwisho, yeye akiwa ananitazama, na Baba akiwa ananitazama, ndipo yeye aseme yake.

Hilo nakuahidi, Mama. Na safari hii sikuitikii ili unyamaze.

Pumzika. Tutafika na jembe.

Mwanao,
Editha