Komeo la Ndani

Baba Kifaranga,

Salamu zako zimefika, nasi tu wazima. Paa la jikoni limezibwa. Paka wa jirani kazaa chini ya kitanda chetu, upande wako.

Mwanao anaendelea vizuri na yule mama wa mazoezi ya viungo. Kumbe vikombe hakuwa akivivunja kwa ujeuri; ni mikono tu ilikuwa haimtii. Wewe ulisema samaki mkunje angali mbichi, ukamkunja. Yule mama hamkunji. Humgawia kazi vipande vidogo vidogo, na kila kimoja kikikubali humsifu, mpaka kazi nzima ikubali.

Kazi yenyewe huichagua mtoto. Wenzake wamechagua baiskeli na kudaka mpira. Wetu alipoulizwa akasema, "Nataka kufunga komeo la chumbani kwangu. Kwa ndani."

"Mbona hilo, mwanangu?" nikamuuliza.

"Baba akirudi, niweze kulifunga haraka."

Yule mama akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Basi wakaanza: shika, sukuma, laza chini. Siku hizi analifunga akiwa amefumba macho. Nikiugonga mlango kwa kishindo, kama ugongavyo wewe, vidole vyake havitetemeki tena.

Umeandika kwamba unarudi Ijumaa. Shukia kwa kaka yako. Fundi alipita jana, akaweka komeo lingine kwenye mlango wa mbele, la ndani vilevile.

Hilo nalifanyia mazoezi mimi.

Mama yake Kifaranga