Tisini na Watatu, na Mmoja Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Wanafunzi tisini na wanne wa mwaka wa mwisho. Dakika kumi kila mmoja, mpaka Ijumaa fomu zote ziwe zimejazwa: nani anakwenda chuo gani, kusomea nini, kwa sababu gani. Mkuu wa shule kanipa orodha mkononi na kusema, wewe ndiye mshauri. Halafu, akiwa mlangoni, akaongeza kwamba nitafute pia wa kusoma risala siku ya mahafali.

Ofisi yangu ilikuwa stoo ya maabara. Bado inanuka gesi.

Leo nimeona kumi na tisa. Mmoja anataka urubani, na hesabu kapata kumi na moja kwa mia. Nikamuuliza, na ndege itaruka vipi? Akasema siku hizi kuna kompyuta, mwalimu. Nilitaka kucheka, nikapiga mwayo mbele yake! Mtoto wa watu.

Halafu mzazi mmoja, fundi cherehani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Anataka mwanawe awe daktari. Mwana anataka kushona. Nikamwambia yale ninayowaambia wote: mwache achague, maisha ni yake. Nikichoka huwa nayasema vizuri zaidi.

Nyumbani Mama kanipokea mlangoni: "Kwenda tu, au kwenda na kurudi?" Miaka thelathini aliwakatia abiria tiketi dirishani, stesheni. Mengine yote yamemtoka kichwani, limebaki dirisha lile. Nikasema kwenda na kurudi. Akanipisha.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu wa hisabati kanifuata mpaka kwenye sinki la chai. Binti yangu, mmoja wa hao tisini na wanne, ni wa kwanza shule nzima! Si kwa hesabu tu — kila somo. Na kuna nafasi ya uhandisi, chuo kikuu cha mbali, ada na malazi vyote vimelipiwa. Shule inapendekeza mmoja. Mkuu keshakubali awe yeye. Inatakiwa barua yangu na sahihi ya mtoto, Ijumaa saa sita mchana, mwisho.

Nilikaa kwenye kiti cha kwanza nilichokiona. Kilikuwa cha mhasibu.

Jioni nikamwambia. Alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Sawa, mama. Nitaangalia." Utaangalia? Nikamwuliza kama amesikia vizuri. Amesikia, akasema, na akachukua kiazi kingine.

Kumi na wanane leo. Sikumbuki sura hata moja.

Jumatano, 5 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mwalimu wa darasa lake kaja na rejista. Kwa upole, kama mtu anayeleta habari za msiba. Tangu Januari binti yangu amekosa vipindi vya mchana mara kumi na nne. Nikamwuliza mbona hukuniambia. Akashangaa. "Nilidhani wewe ndiye uliyempa ruhusa."

Mimi! Ninayewafuata watoro wa wenzangu mpaka kwao!

Nikawaacha watu watatu kwenye benchi nje ya ofisi, nikaenda nyumbani kwa miguu, kwa hasira. Mlango wazi. Mama amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni. Binti yangu amepiga magoti sakafuni na sare zake, anamkata kucha. Pembeni, daftari la fizikia limefunguliwa, limerowa ukingoni.

Jirani yetu, tuliyemwomba akae na Mama mpaka jioni, ana mjukuu mchanga sasa. Tangu Januari kuna siku anaondoka baada ya chakula cha mchana. Alimwambia binti yangu. Binti yangu hakuniambia.

"Ungefanya nini, mama? Ungeacha kazi?"

Nilikuwa nimekuja kugomba. Nikachukua taulo, nikamfuta Mama mguu wa pili.

Alhamisi, 6 Machi

Zamu yake kwenye orodha. Angeweza kunipa fomu nyumbani. Hapana — kakaa kwenye benchi na wenzake, kagonga, kaingia.

Chaguo la kwanza: chuo cha ukarani, kile cha nyuma ya posta. Chaguo la pili: hichohicho. Sababu: *Ni karibu na nyumbani.*

Nikamwuliza kama ndicho anachokipenda.

"Hapa naongea na mwalimu au na mama?"

"Mwalimu."

"Basi, mwalimu, nina mama. Juzi kashinda shuleni blauzi kaivaa ndani nje, na hakuna aliyemwambia. Nikiondoka, atabaki na nani?"

Nikasema bibi yake ni mzigo wangu, si wake. Akasema Bibi si mzigo. Nikaomba radhi.

Sasa naandika jambo ambalo sitamwambia mtu. Nilipoisoma ile sababu yake, kabla sijahuzunika, nilipumua. Nilimwona jioni jikoni, mwaka huu, mwakani, mwaka wa kesho kutwa. Nikaona nafuu. Ilidumu muda wa kumeza mate tu, lakini ilikuwepo. Na barua yangu ingeweza kuchelewa kidogo tu, nani angejua?

Wengine kumi na wanane nikawaona baada yake. Sijui niliwaambia nini.

Ijumaa, 7 Machi

Saa moja asubuhi nilimpigia kaka yangu. Nyumba yake ina vyumba vinne, watoto wamekwishaoa na kuolewa. Nikamweleza yote. Nikasema Mama akae kwako muhula mmoja, tuone. Akasema mimi ni mshauri, nitajua la kufanya. Nikasema la kufanya ndilo hili! Akasema itabidi aongee na wifi. Tutaongea, akasema. Akakata.

Barua niliiandika kabla ya kengele. Imetoka nzuri. Sikuongeza chumvi hata kidogo, haikuhitaji.

Saa tano na dakika kumi binti yangu kaja. Nikaweka barua mbele yake, nikamwonyesha mstari wa sahihi.

"Na Bibi?"

"Atakwenda kwa mjomba wako."

"Mjomba kakubali?"

Nikasema kakubali. Hivyohivyo, bila kupepesa.

Akanitazama usoni, kwa muda, kama anavyotazama hesabu aliyopewa jibu lake bila njia. Akaweka kalamu chini. "Basi ngoja nimpigie nimshukuru." Akachukua simu yangu mezani, akatoka.

Namwona dirishani. Simu iko sikioni. Kwenye benchi kuna wanne wanasubiri, na mmoja kagonga mara mbili. Saa tano na dakika ishirini na tano. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Bado haijapokewa. Anajaribu tena.

Sasa midomo inacheza. Kaamkia. Kanyamaza, anasikiliza. Kanigeuzia mgongo.