Sabato Iliyoanza Mapema

Elizabethtown, New Jersey
15 Machi, 1824

Mpendwa kaka Eliphalet,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hamjambo huko Ohio? Ile homa iliyokushika wakati wa mavuno imekuachia? Na mama, je, miguu inamruhusu kufika kanisani? Mimi mwili ni mzima. Mengine nitakueleza, ila nakuomba uisome barua hii ukiwa peke yako.

Unajua kwamba shemeji yako Asahel ni nahodha wa meli ya moshi, anavusha abiria kutoka kwetu kwenda New York. Lakini jimbo la New York lilikuwa limewapa matajiri fulani maji yake yote, kana kwamba maji ni shamba, na nahodha asiye na kibali chao akikanyaga gatini anakamatwa. Mwaka ule wa vita na Waingereza, Asahel huyohuyo alivuka maji hayohayo kwenda kuwachimbia watu wa New York mahandaki, wakamshangilia na kumwita ndugu. Vita vilipoisha na undugu ukaisha. Hati ya kumkamata ilitolewa tangu mwaka jana, na kesi ya maji hayo ilikuwa imefika Mahakama Kuu huko Washington. Sisi tulikuwa tunasubiri tu.

Mwezi wa pili mpwa wako Achsah, aliyeolewa huko New York, alijifungua mtoto wa kiume. Mimi nilikuwa nimetangulia kumhudumia. Siku ya tatu homa ya uzazi ikampanda, na mkunga akaacha kunitazama usoni. Achsah alikuwa na ombi moja tu, amwone baba yake. Nikamtumia Asahel habari.

Huku kwetu kila mtu anajua kwamba askari wa mahakama haruhusiwi kumkamata mtu kwa hati ya namna ile siku ya Jumapili. Kwa hiyo Asahel alikuwa na siku moja ya kuja. Lakini unamjua alivyo: kusafiri siku ya Sabato hataki hata kusikia, na kungoja hakuweza. Akavuka Jumamosi mchana kwa mashua ya makasia, akajificha chini ya gati hadi jua lizame. Sisi tuliozaliwa Connecticut ndivyo tulivyokua: jua la Jumamosi likizama, shoka limewekwa chini, vyombo vimeoshwa, Sabato imeingia. Haikumpitia akilini kwamba wako Wakristo wanaohesabu vingine.

Nilimwona kutoka dirishani akija katikati ya barabara, amevaa koti la kanisani, hana wasiwasi wowote. Askari alikuwa ameegemea mlango wa jirani.

"Leo huniwezi, kijana," Asahel akamwambia, hata akatabasamu. "Jua limezama. Sabato hii."

"Sabato ya kwenu hiyo, mzee wangu. Sheria ya hapa inalala saa sita usiku. Ungebaki hukohuko ulikojificha."

"Binti yangu yuko hapo juu, anaumwa. Niache nipande, nitashuka mwenyewe."

"Ah, mzee. Kila ninayemkamata ana binti juu."

Achsah aliisikia sauti. Akaniuliza, "Mama, si baba huyo? Mbona hapandi?" Nikamwambia anavua buti. Mungu anisamehe.

Jumapili asubuhi nilikimbilia gerezani, mitaa michache tu kutoka pale, kumwombea Asahel ruhusa. Mlinzi akanijibu kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma zaidi: "Mama, Jumapili hatukamati mtu, wala hatufungulii mtu. Njoo kesho." Nilitamani kumng'oa ndevu. Alasiri, kengele za ibada ya pili zikilia, Achsah alitutoka. Asahel alizisikia kengele hizohizo kule ndani.

Wiki mbili hazikuisha, habari ikaja kutoka Washington. Mahakama Kuu imesema biashara ya jimbo na jimbo ni ya taifa zima, wala hakuna jimbo lenye haki ya kuifungia mlango. Asahel akatolewa siku hiyohiyo. Tulirudi nyumbani kwa meli ya moshi yenye bendera kila upande, watu wakimwita shujaa na kumpa mkono. Hakuna aliyemuuliza amebeba nini ndani ya koti lake. Kwenye gati letu walikuwa wameandaa mzinga wa kutupokea. Asahel akawaambia, "Jamani, msipige. Ndiyo kwanza amelala."

Mtoto anaendelea vizuri. Baba yake, Teunis, ametuachia tumlee, na mke wa seremala ndiye anayemnyonyesha. Juzi Jumamosi jua lilipozama tulikaa kusoma Biblia kama kawaida, Asahel akabaki uani mpaka giza likaingia kabisa. Sikumwita. Nina hasira, kaka, na sijui nimkasirikie nani.

Msalimie wifi yangu Roxana na wanao wote. Mama mwambie Achsah alishindwa na homa, baba yake akiwa njiani kuja. Hilo si uongo. Habari ya jua usimwambie, maana ndiye aliyekuwa akitusimamisha kwenye dirisha la magharibi kila Jumamosi tulipokuwa wadogo.

Mola awalinde mlalapo na mwamkapo.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mehitabel