Dakika ya Hamsini na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Harusi mbili leo studio. Bibi harusi wa kwanza anataka nimpunguze kiuno kwenye video nzima — nzima! Nikamwambia mimi ni mhariri, si daktari wa upasuaji. Bosi akanikanyaga mguu chini ya meza.

Baada ya kazi, muvi yangu. Wiki ya tano sasa. Ni ile ya shujaa wa barakoa ya fedha, niliyoitazama nikatoka ukumbini nimenuna. Picha safi, waigizaji safi, halafu huo muziki! Vinanda mia vinakupigia kelele: lia sasa, ogopa sasa, furahi sasa. Huachiwi hata nafasi ya kusikitika mwenyewe. Basi naukata wote. Nabakiza maneno na milio, halafu naweka muziki mwingine. Nikimaliza naipandisha kwenye jukwaa letu la wachokonoa filamu za watu. Ni ugonjwa tu, kama ugonjwa mwingine.

Tatizo — muziki wenyewe sijaupata. Nimejaribu kinanda, gitaa, hata ukimya mtupu. Wapi!

Alhamisi, 6 Machi

Bomba limepasuka chumbani kwa Baba. Nimeshinda nikihamisha vitu vyake huku yeye yuko kwenye meza yake barazani, lenzi jichoni, anatengeneza saa ya mtu kana kwamba mafuriko ni ya jirani.

Kwenye sanduku la bati, ndani ya fulana iliyokunjwa, nimekuta kaseti. Imeandikwa kwa mkono wake: Mazoezi.

Najua alipiga tarumbeta kwenye bendi ya gwaride ya jeshi kabla sijazaliwa. Aliniambia marehemu Mama. Yeye hajawahi kutamka. Aliacha kazi kabla ya wakati, akanunua bisibisi ndogo ndogo, akawa fundi saa.

Nikaenda nayo studio, Bosi ana tepurekoda ya zamani. Jamani! Mwendo wa taratibu, ngoma kubwa, na tarumbeta moja juu ya zote, kama mtu anamwita mwenzake asiyegeuka. Dakika thelathini na moja. Huyo ni Baba?

Muziki nimepata. Sijamwomba. Nitamfanyia sapraizi.

Jumapili, 9 Machi

Nimemaliza! Dakika ya hamsini na mbili shujaa anashuka juu ya mji ulioungua, anakuta hakuna wa kuokoa. Pale nimeweka sehemu ya kaseti yenye kishindo kuliko zote. Ngoma inapigwa kama na watu watatu, tena inatoka nje ya mwendo. Sijui kwa nini nilisisimka mwili mzima. Nimerudia mara sita.

Nimeipandisha. Kaseti nimeirudisha kwenye fulana yake.

Jumatano, 12 Machi

Watu elfu nne! Mmoja anasema ameitazama na mke wake, wakamaliza bila kusemeshana.

Mwingine anajiita Sikio la Tatu. Ameuliza zile sauti chini ya ngoma, dakika ya hamsini na mbili, nimeongeza mimi? Nikajibu ni kaseti kuukuu, mikwaruzo tu.

Akaandika: Dada, mikwaruzo haisemi "mama".

Alhamisi, 13 Machi

Mchana, Bosi ametoka kula. Nimeingiza kaseti kwenye programu ya kutenganisha sauti, ile tunayoitumia kuondoa mngurumo wa jenereta kwenye viapo vya harusi. Nikaiondoa ngoma. Nikaziondoa tarumbeta, moja baada ya nyingine.

Kilichobaki —

Milio mifupi, mikavu. Kwa mpangilio. Kisha watu. Wengi. Kisha mwanamume karibu kabisa na kinasa sauti: Pigeni! Nani amewaambia mpumzike? Na muziki unapanda.

Bosi karudi kaniuliza mbona nimekauka hivyo. Nikasema kichwa.

Hayakuwa mazoezi yale.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia Baba. Sikuweza kulala na jambo lile moyoni siku nyingine tena. Nilimweleza yote, toka sanduku mpaka jukwaa. Hakugomba. Alizirudisha bisibisi kwenye kopo, moja moja.

"Umeisikia yote?"

"Nimeisikia, Baba."

"Na watu wengine?"

"Elfu kumi na moja."

Alicheka kidogo. Si kicheko chake cha siku zote. "Miaka thelathini na minane," akasema. "Ndani ya fulana."

Halafu akasema. Bendi nzima walipakiwa kwenye lori mchana, wakashushwa nje ya ukuta wa ghala la kiwanda. Wakaambiwa kuna mgeni anakuja, fanyeni mazoezi hapa. Ndani ya ukuta walikuwa wafanyakazi waliogoma, toka asubuhi wamefungiwa. Milio ya kwanza ya risasi iliposikika, kiongozi wa bendi alishusha kifimbo. Ofisa akamwekea bastola shingoni, naye akakipandisha tena. Wakapiga mpaka midomo ikachanika.

"Mpiga ngoma alikuwa na mdogo wake mle ndani," Baba akasema. "Sauti yake aliitambua. Sote tuliona ameitambua."

"Akafanyaje?"

"Akazidi kupiga."

Kiongozi wa bendi alikuwa na kawaida ya kurekodi mazoezi ili asikie makosa yao. Tepurekoda ilikuwa kwenye begi, chini ya kiti chake. Siku mbili baadaye akampa Baba kaseti, amshikie mpaka Jumatatu. Jumatatu hakuja. Hakuja tena.

Nikamuuliza kwa nini hakuitupa. Akasema alijaribu. Basi, hilo tu.

Kisha: "Ifute, mama."

Nimeifuta mbele yake. Sikumwambia kwamba watu walishainakili.

Jumatatu, 17 Machi

Sasa kinazunguka kipande chenyewe tu, bila shujaa, bila picha, na watu wameshakitaja kile kiwanda. Fundi cherehani jirani na studio alikuwa anakisikiliza kwenye simu, mguu umesimama juu ya pedali. Hajui kimetoka kwangu. Akaniambia baba yake mdogo alifanya kazi kiwandani pale. Nikajifanya nina haraka.

Saa tisa simu ikaita, namba imefichwa. Mwanamume, mpole, sauti ya mtangazaji wa redio. Ameipenda kazi yangu, dada yangu, hasa uteuzi wa muziki. Niliupata wapi? Nikasema sokoni, kwenye kaseti za mitumba.

"Sawa," akasema. "Pole sana na lile bomba la chumbani kwa mzee."

Akakata.

Bomba tulilitengeneza wenyewe. Hakuna fundi aliyeingia nyumbani. Nani kamwambia?

Nimemtafuta Sikio la Tatu. Ukurasa wake haupo. Si kwamba kanyamaza — haupo kabisa, kana kwamba hakuwahi kuzaliwa.

Jumanne, 18 Machi

Walikuja studio wawili. Wamenyoa vizuri, wanasalimia vizuri. Mmoja aliisifu picha ya bibi harusi iliyo ukutani. Wakaomba kompyuta yangu, wakaomba na diski zote. Bosi alizichomoa nyaya mwenyewe. Hakuniangalia.

Walipoondoka akasema nipumzike wiki mbili. "Nina watoto," akasema. Sikumlaumu, nikasema ahsante, nikachukua mkoba. Ulikuwa mzito. Nilipofungua njiani nikakuta kamera ndogo ya harusi, na chaja yake, na betri mbili.

Kaseti hawajaiulizia. Labda wanadhani ni kweli niliinunua sokoni. Labda wanangoja.

Jumatano, 19 Machi

Shangazi kaja na begi, hajavua hata viatu. Anataka kaka yake aondoke naye leo hii, kwa wakwe zake, mbali. Mimi kanipa zangu. "Kwa ajili ya muvi! Ya mtu mzima anayeruka hewani na chupi nje ya suruali!" Nikataka kucheka, nikalia. Naye akalia. Tukawa vichekesho.

Baba amekataa kwenda. Anasema akikimbia, kesho watatangaza kaseti ni ya uongo, imetengenezwa na binti wa video. Ili iwe ya kweli lazima awepo mtu wa kusema nilikuwa pale. Wenzake wa bendi amewahesabu kwa vidole. Wote wamekwisha, kabaki yeye.

"Mimi ndiye niliyekuingiza, Baba," nikamwambia. "Ningekuomba kwanza."

"Ungeniomba ningekataa." Akaendelea kufuta lenzi yake. "Nilikataa vizuri sana miaka yote."

Kuna gari jeupe mwanzo wa barabara yetu toka asubuhi. Vioo vimefungwa, na joto hili! Shangazi amepita kando yake mara mbili akijifanya anakwenda dukani. Anasema ndani wako wawili, wanakula karanga.

Begi lake ameliweka chumbani kwangu. Haondoki.

Alhamisi, 20 Machi

Saa nne asubuhi. Baba kanyoa ndevu, kavaa shati jeupe. Kaniambia nitege kamera sebuleni, dirisha liwe ubavuni ili uso uonekane. Anajua, kumbe! Nikamuuliza akikosea nikate sehemu gani.

"Usikate chochote."

Nimeiunganisha na simu, inakwenda moja kwa moja jukwaani. Mia tatu wanatazama. Sasa mia nane. Shangazi kaburuta kiti, kakaa mgongo mlangoni. Mimi naandika ili mikono ipate kazi. Kaseti iko mapajani kwa Baba, kaishika kwa mikono miwili.

Ameanza na jina lake. Cheo chake. Tarehe, siku, saa. Aliyesimama kulia kwake, aliyesimama kushoto. Ofisa mwenye bastola — jina lake lote, mpaka la babu. Shangazi kafumba macho. Jina hilo tunalijua wote, limeandikwa juu ya lango la shule.

Elfu mbili wanatazama.

Sasa waliokuwa ndani ya ukuta. Sikujua kwamba anawajua. Hasomi popote, anawatoa kichwani, taratibu, jina na kazi: huyu wa mashine, huyu wa bohari, huyu mdogo wa mpiga ngoma, miaka kumi na tisa. Wanne. Watano.

Gari limesimama nje.

Milango miwili imefungwa, kwanza mmoja, halafu mwingine. Hawana haraka. Wa sita.

Wanagonga geti. Si kwa mkono, ni kwa chuma. Shangazi ananiangalia, mimi naangalia taa nyekundu ya kamera. Bado inawaka. Wanagonga tena, zaidi. Baba amesikia. Amegeuza macho mlangoni, akayarudisha kwenye kamera.

Amepaza sauti. Wa saba —