Jezi Iliyochomekewa

Jumanne, 4 Juni

Leo tena, nusu saa nzima ya kufundishwa kukosea. Kocha akipiga kelele "Funga duka!", anayekimbia na mpira anaangushwa. Katikati ya uwanja tu, mbali na goli letu, refa atoe njano na si nyekundu. Vuta jezi kwanza, anasema, mguu ni wa mwisho. Kanisifu mbele ya wote — beki mwenye akili. Nikafurahi, mjinga mimi.

Jumapili ni nusu fainali ya wanawake, dhidi ya timu ya mdogo wangu. Mama kasema haji. Atamshangilia nani?

Jumapili, 9 Juni

Tumeshinda moja bila. Sitaki kuongea na mtu.

Dakika ya themanini na nane. Mdogo wangu kachukua mpira, kanipita kama nguzo. Benchi lote: "Duka! Funga duka!" Nikanyoosha mkono nimvute jezi. Hakuna jezi! Kaichomekea kwenye bukta, imebana, hakuna hata pa kutia kidole. Nani alimfundisha? Mimi. Uani kwetu, ana miaka kumi na miwili: chomekea, wasipate pa kukushika.

Basi nikatumia mguu. Akigeuka hukanyagia wa kushoto, na hilo pia nalijua mimi. Aliita "Dada!" Si kwa hasira — kama ananiita nikamsaidie.

Njano. Wenzangu wakanipigia makofi.

Jumatatu, 10 Juni

Daktari kasema goti limechanika ndani. Miezi tisa. Majaribio ya timu ya taifa ni mwezi ujao, na jina lake lilikuwa kwenye orodha.

Mama hakunigombeza. Kaniwekea chai mezani, kaingia chumbani kwa mgonjwa, kafunga mlango. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 12 Juni

Timu yao imelalamika. Kamati ya nidhamu inatuita Ijumaa, mimi na yeye. Wakiona nilikusudia, nafungiwa msimu mzima, na fainali ndiyo hiyo Jumapili.

Kocha keshaniandikia maelezo: niliteleza, nyasi zilikuwa na maji. Maji gani? Wiki ya tatu hii mvua haijanyesha! Nikamuuliza, na mdogo wangu je? Akasema mpira ndivyo ulivyo, hata wao wanafanya, adhabu ya kosa lile ni kadi ya njano na tumeshaipokea. Tumeipokea! Goti si lake.

Ila nisijifanye malaika. Asingeumia, leo ningekuwa najisifu. Faulo ileile, mguu uleule, na ningetembea kifua mbele. Hilo ndilo linanichoma zaidi.

Nimeandika karatasi yangu mwenyewe. Mstari mmoja: nilikusudia kumwangusha, tunafundishwa kila Jumanne.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika koridoni, kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha kamati. Karatasi zote mbili ziko mfukoni. Mdogo wangu kaingia kwanza, na magongo yake. Kocha kaegemea dirisha, anatafuna kijiti, kila nikiinua macho ananikonyeza.

Mdogo wangu katoka. Kasimama mbele yangu, anahema, haniangalii usoni. Kasema kawaambia niliteleza, nami nikaseme hivyohivyo.

Nikamwambia, unajua sikuteleza.

"Najua, dada. Ila Mama hawezi kukaa na wawili wasiocheza."

Kocha kasikia. Kaja, kampigapiga begani. Na huyu naye ana akili, kasema.

Nilikuja na ukweli wangu umekunjwa vizuri. Sasa nikiutoa, namfanya yeye mwongo mbele ya watu wazima watano. Nisipoutoa, nimemwangusha mara ya pili, na safari hii hata njano hakuna.

Karani kafungua mlango, kaniita. Nimesema nakuja. Mdogo wangu bado kasimama na magongo yake, anautazama mfuko wangu.