Kisanduku cha Dirishani

Kiamunyi, Nakuru
Jumapili, 12 Oktoba 2008

Ndugu yangu Kibii,

Pokea salamu zangu na za wote walio chini ya paa hili. Natumaini barua hii itakukuta jikoni kwa mkeo Jerop, miguu karibu na moto, maana najua mwezi kama huu huko juu Molo ukungu hauondoki kabla ya saa nne. Goti lako linaendeleaje? Yule dereva wa lori la viazi aliyeniletea salamu zako alisema sasa unatembea na fimbo, na kwamba ukiulizwa unadai ni ya kuchungia ng'ombe. Nilicheka peke yangu hadi Jeruto, binti wa Solai anayetusaidia kazi za nyumbani, akaja kuangalia kama niko sawa. Mimi ni mzima, isipokuwa macho na presha, ambavyo umri hauleti kwa kuomba ruhusa.

Sally pia ni mzima. Wewe ulimwacha akiwa msichana wa shule mwenye soksi zisizofanana. Sasa ni mama. Ndoa ilipomshinda alirudi kwangu, mwaka uleule tuliomzika mama yake, na bintiye amempa jina la mamake, Wangare, kama desturi yetu inavyotaka. Kwa hiyo nyumba hii bado ina Wangare, Kibii, ila huyu wa sasa hanitengenezei chai, ananiagiza mimi nimtengenezee.

Najua utashangaa, lakini barua hii inahusu intaneti. Vumilia. Hakuna mtu mwingine ninayeweza kumweleza jambo hili akalielewa.

Sally anafanya kazi bila kutoka nyumbani. Madaktari wa ng'ambo wanazungumza, sauti zao zinarekodiwa, na yeye anazisikiliza hapa Kiamunyi na kuzipiga chapa. Sauti huja kwa intaneti na maandishi hurudi kwa intaneti, kwa saa iliyopangwa. Kompyuta alinunua kwa Ritu, binti wa yule Jaydeep aliyekuwa akituuzia mitungi ya maziwa. Jaydeep amestaafu. Unakumbuka mapipa yake ya misumari, na jinsi alivyotuacha tujipimie wenyewe huku akisoma gazeti? Pale palipokuwa na mapipa sasa pamepangwa skrini, na dukani hapanuki mafuta ya taa tena, panatoa harufu ya plastiki mpya. Lakini Ritu ana macho ya babake na anacheka kama yeye, kwa mabega. Aliiwekea kompyuta hiyo Linux, ambayo ndiyo programu inayoiendesha, mahali pa Windows ambayo watu wengi wanaijua. Alimwambia Sally kwamba Linux hailipiwi na virusi haviiwezi.

Intaneti yenyewe inaingia kupitia kisanduku cheupe, kimo cha Biblia, kinachoinasa hewani kutoka mnara ulio upande wa mlima wa Menengai. Mwezi wa sita fundi wa kampuni alikuja, akakiweka kwenye dirisha la sebule, akakizungusha kidogo huku na huku hadi taa zake nne zikawaka, akasema hapo ni sawa, akaenda zake. Waya mmoja unatoka kwenye kisanduku hadi kwenye kompyuta. Basi, ni hivyo tu.

Wiki ya kwanza haikuisha kabla ya matatizo kuanza. Siku moja mtandao ulikimbia vizuri, kesho yake ukatambaa, siku ya tatu haukuwepo kabisa. Sally alipiga simu kwa kampuni hadi akawajua vijana wa huko kwa sauti. Kila mmoja alianza kwa kumuuliza ana Windows gani. Akisema ana Linux, anaambiwa, "Madam, hiyo sisi hatusapoti." Mmoja alimshauri kwa upole atafute kompyuta ya kawaida. Sally alimjibu kwamba atafute yeye kwanza kampuni ya kawaida, akakata simu, halafu akakaa akiitazama ile kompyuta kama mtu anayemtazama mtoto aliyefukuzwa shule.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu na kitabu, nikijifanya nasoma, na mawazo yangu yote yalikuwa kwenye waya wetu wa simu. Nadhani nawe unaufikiria mara nyingine. Ile laini moja ya chama cha ushirika, kwenye nguzo za mtarakwa zilizoachwa na walowezi, kutoka kituo cha maziwa hadi barabara kuu, na kila nyumba na mlio wake: miwili mirefu kwako, mrefu na mfupi kwangu, na kila mtu akiinua simu kusikiliza ya mwenziwe. Ilipokufa hatukuanza mwanzo wala mwisho. Tulikwenda nguzo ya katikati, wewe ukapanda, ukabana simu ya kupimia kwenye waya, nami nikangoja chini kwenye baridi. Ukisikia kituo, basi kasoro iko mbele. Usiposikia, iko nyuma. Kisha katikati ya kipande kilichobaki, na tena. Maua ya pareto yalikuwa yamechanua pande zote mbili za njia, meupe hadi msituni, na pumzi yako ilionekana ukinipigia kelele kutoka juu. Na siku ile ya nyuki! Ulishuka na mdomo uliovimba kama kiatu, tukala asali yote, tukarudi nyumbani, na ni Jerop aliyetuuliza kama waya tumeuunga. Hatukuwa tumeuunga.

Nikamwambia Sally tufanye hivyo hivyo. Alinitazama kwa huruma kwanza. Lakini Linux ina tabia moja niliyoipenda: haifichi inachofanya. Unafungua dirisha jeusi, unaandika amri, nayo inakujibu kwa maneno. Kuna amri iitwayo ping ambayo hubisha hodi kwenye mashine nyingine na kukuonyesha kama umeitikiwa na baada ya muda gani. Tulibisha kwenye kisanduku. Kikaitika papo hapo, kila mara. Kwa hiyo kompyuta, Linux na waya vilikuwa vizima. Tukabisha ng'ambo ya kisanduku, kwenye mashine ya kampuni. Kimya, kisha jibu moja lililochelewa, kisha kimya tena. Kasoro ilikuwa kati ya dirisha letu na mlima, na hapo katikati hakuna nguzo ya kupanda. Sally alinikumbatia. Akapiga simu kuwaeleza, nao wakamwambia ni Linux.

Mwezi wa nane nilikwenda Bahati kwenye mazishi ya binamu yangu, nikakaa huko siku kadhaa. Niliporudi, Sally aliniambia kwa furaha kwamba mtandao haukukatika hata mara moja tangu nilipoondoka. Tulishukuru Mungu. Kesho yake ulikuwa umekufa.

Kufikia mwisho wa mwezi wa tisa wakubwa wake wa ng'ambo walimwandikia kwamba akichelewesha kazi tena nafasi yake itapewa mwingine. Rafiki yake wa Nairobi akampatia meza katika ofisi ambako mtandao haukatiki. Hakuniambia moja kwa moja. Nilijua aliponiuliza, huku akiosha vyombo ambavyo Jeruto alikuwa tayari ameviosha, kama nadhani Wangare anaweza kuhama shule katikati ya muhula. Nilimjibu kwamba watoto huzoea haraka. Kibii, nilienda nikasimama nyuma ya nyumba, kati ya sukuma wiki, kwa muda mrefu. Nyumba hii ina vyumba vitatu, na nilikuwa nikihesabu mlio wa kila mlango wake.

Ijumaa iliyopita Ritu akaja mwenyewe na kompyuta yake ndogo yenye Windows. Aliichomeka kwenye kisanduku, nayo ikatambaa vilevile. Akapiga makofi mara moja kama aliyeshinda kesi, akasema, "Sasa waambie hao watu ni Linux!" Kisha akainama mbele ya kisanduku. Taa moja tu ilikuwa inawaka. Akakizungusha kwa vidole viwili, polepole, mbili zikawaka. Kidogo tena, tatu. Unene wa kidole zaidi, zote nne. Mtandao ukafunguka kwenye kompyuta zote mbili. Alieleza kwamba kisanduku chenyewe ndicho sikio, ni lazima kielekee mnara barabara, na kwamba mtu wa nyumba hii amekuwa akikisogeza, na si mara moja.

Sally alimgeukia Jeruto, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chai. Alimwambia amemwonya mara ngapi kuhusu kufagia dirishani. Jeruto aliapa kwamba kile kitu hakigusi, anaogopa hata kukitazama, anapangusa vumbi kwa kuzunguka kama mtu anayezunguka nyoka. Sally akasema basi kimejisogeza chenyewe, kina miguu. Jeruto akaweka trei chini, akafungua kamba za aproni, akasema afadhali arudi kwao Solai kuliko kuitwa mwongo mbele ya wageni. Ritu aliangalia vikombe. Nami nilikuwa kwenye kiti changu na kitabu, Kibii.

Nikasema ni mimi.

Sasa nitakueleza jambo ambalo sikuwahi kumwambia hata mama Sally, ingawa nadhani alilijua. Karibu na mlango wangu wa chumbani pana begi la turubai. Ndani yake mna vitambulisho, dawa zangu, tochi, redio, sweta ya kila mtu. Tangu mwaka ule wa tisini na mbili makabila yetu yalipopigana, siku uliyotupakia kwenye lori la maziwa nyuma ya mitungi na kutuleta hadi mjini, sijawahi kulala bila kuliandaa. Unakumbuka tulivyofika kwenye uwanja wa kanisa, na mama Sally akajishika uso? Alikuwa ameacha miwani dirishani. Miezi mingi hakuweza kusoma Biblia yake. Aliishika mapajani akiikumbuka tu. Tangu hapo siwezi kuona kitu cha maana kwenye dirisha kikaachwa hapo. Na Januari hii, baada ya uchaguzi, tulipokimbia tena kwa siku chache, lile begi lilikuwa tayari, na hakuna aliyeniuliza lilijiandaaje.

Kwa hiyo Sally alipoanza kula kwa kisanduku kile, nilijiambia kwamba siku tukiondoka tutaondoka nacho. Mimi ndiye wa mwisho kulala nyumba hii na wa kwanza kuamka. Kila jioni nilikichomoa, nikakifunga kwa taulo, nikakitia begini. Kila alfajiri nilikirudisha mahali pake, sawasawa kabisa, kadiri macho yangu yalivyoweza kuona.

Nilisema yote hayo mbele yao. Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Jeruto. Alinitazama kutoka juu hadi chini, akauliza, "Mzee, kwani ulitaka kutoroka na intaneti?" Ritu alicheka kwa mabega kama babake, nami nikacheka, na Jeruto mwenyewe akafunga kamba za aproni tena. Nilimwomba msamaha mbele ya wote. Sally pia alimwomba. Jeruto alisema ameyasikia, na kwamba chai imepoa.

Sally hakuwa amecheka. Ritu alipoondoka alikuja akakaa kwenye mkono wa kiti changu, kama alivyokuwa akifanya kule nyumbani kwetu akiwa mdogo. Aliniambia kwamba tangu Januari huweka viatu vya Wangare chini ya mto wake kila jioni, ili asivitafute gizani. Alidhani ni yeye peke yake. Alisema kwamba ile meza ya Nairobi, kusema kweli, hakuwa anaifuata kwa ajili ya mtandao tu. Mtandao ulimpa sababu ambayo asingeona haya kunitajia. Nilimwambia kwamba akitaka kwenda aende, sitamshika. Kisha akaniuliza kama huku ndiko nyumbani kwangu au bado nangoja lori. Nilimuuliza kama Jaydeep bado ana misumari.

Jana Jumamosi nilikwenda mjini nikamkuta mzee Jaydeep amekaa nyuma ya skrini za bintiye. Alinichagulia skurubu na plagi za ukuta kutoka kwenye kopo alilolificha chini ya meza, akaniazima na drili ya mkono. Kibii, nimekaa kwenye nyumba hii miaka kumi na mitatu na sijawahi kutoboa ukuta wake. Picha ya mama Sally imeegemezwa juu ya kabati. Nilitoboa matundu manne kando ya dirisha ya kukifungia kisanduku, Wangare akikusanya vumbi jekundu la tofali kwa kijiko. Sally alisimama kwenye kompyuta akinisomea majibu ya ping kwa sauti, kushoto kidogo, kulia kidogo, hapo hapo baba, hapo. Nikakaza.

Jioni alimpigia rafiki yake wa Nairobi simu, akamshukuru, akamwambia ampe mwingine ile meza. Begi bado liko mlangoni. Sitakudanganya kwamba nimelifungua. Lakini walipokwisha kulala nilikwenda dirishani kwa mazoea, na mikono ikakifuata kile kisanduku yenyewe. Nilikivuta, kisha nikakivuta tena kwa nguvu zote nilizo nazo. Hakikutoka.

Mpe Jerop mkono wangu, na umwambie sijaonja maziwa ya mursik kama yake tangu nilipoteremka. Wasalimie wote wanaonikumbuka, na hata wasiopenda kunikumbuka. Sally anasema utunze goti, na Wangare, ambaye hakujui, amenituma nikuulize kama nyuki wale bado wapo. Mwandikie jibu lake yeye mwenyewe, atafurahi.

Ni mimi nduguyo, wa mlio mrefu na mfupi,

Kahiga