Mzee Aliyeingia Ziwani Saa Nane na Robo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Enid Mounsey. Umri: miaka 71. Kazi: mwalimu mstaafu, najitolea kuongoza wageni katika nyumba ya kale ya Gowbeck. Makazi: Glenridding, Cumbria.

Mnamo tarehe 19 Aprili 2023, saa saba mchana, nilianza zamu katika chumba cha kulia cha Gowbeck. Dirisha lake linatazama ziwa la Ullswater. Kwetu mgeni akiwa chumbani mwongozaji hatoki, maana ukitoka, vijiko vya fedha navyo vinatoka.

Saa nane na dakika kumi aliingia Bi Joyce Kettlewell, mgeni kutoka Leeds. Alisema amemwacha mumewe, Kenneth, miaka 78, kwenye benchi la bustani akila keki. Hakuniambia kwamba mzee huyo ameanza kupoteza kumbukumbu, nami sikuuliza. Aliniuliza habari za saa ya ukutani, na mimi nikiulizwa juu ya saa ile sinyamazi.

Saa nane na robo, kupitia dirishani, nilimwona mzee kwenye gati la ziwani. Alivua koti, akalikunja vizuri, akavua viatu, akashuka majini na suruali yake. Huku kwetu wazee huogelea hata theluji ikiwa bado mlimani, kisha wakatambe baa. Nilijua ni mmoja wao.

Nilimwambia Bi Joyce, "Kichaa mwingine huyo, dada, anaoga kwenye barafu."

Alicheka bila kugeuka. Nikaendelea na habari za saa.

Baada ya dakika kama tano alisogea dirishani, akalitambua koti.

"Ken hajui kuogelea," alisema. Hakupiga kelele.

Nilitoka mbio na magoti yangu haya mabovu. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Waokoaji walimtoa saa tisa na nusu, amekwisha kufa.

Bi Joyce aliniuliza kama mumewe alionekana kuogopa. Nilimjibu hapana, alikuwa akitabasamu. Nilimdanganya. Maji yalipomfika kifuani aligeuka, akaitazama nyumba, akainua mkono. Nilidhani ananisalimia, nikampungia.

Naomba Bi Joyce asisomewe sehemu hiyo.

Nimesema yote niliyoyaona, kwa hiari yangu.

Sahihi: E. Mounsey

Maoni ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, akayakubali. Nimemweleza kuwa mjane ana haki ya kuyasoma yote. Shahidi ameuliza atokee mlango gani, kwa kuwa Bi Kettlewell amekaa mapokezi. Kituo kina mlango mmoja.

Konstebo R. Huddart, saa kumi na mbili jioni.